Padre Maximilian Kolbe, Mchapaji Aliyekufa kwa Ajili ya Baba wa Watoto

Katika ukurasa huu wa maisha ya watumishi wa Mungu tumezoea kuwaletea habari za wamisionari na wainjilisti. Safari hii tumemchagua padre wa Kanisa Katoliki, Maximilian Kolbe wa Polandi. Watu wengi wamesikia jinsi alivyokufa. Ni wachache wanaojua kazi aliyoifanya kwa karibu miaka ishirini kabla ya kifo hicho, nayo ni kupiga chapa majarida na magazeti ya dini.

Huenda wengine wakauliza kwa nini sisi, wachungaji tuliosoma chuo cha Biblia cha Kiprotestanti, tuandike habari za padre. Jibu letu ni fupi. Hapa makazini tunazikana bila kuulizana dhehebu, basi na tuweze pia kusomana. Tena mambo aliyoyapitia tunayajua: mpaka, vita, njaa, na orodha yenye majina ya watu. Na zaidi ya hayo, kijarida hiki mnachokishika mkononi, ingawa ni karatasi chache za fotokopi, ni ndugu mdogo wa kazi yake.

MTOTO WA NCHI ISIYOKUWEPO KWENYE RAMANI

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1894 katika mji wa Zduńska Wola, akabatizwa kwa jina la Rajmund. Wakati ule nchi ya Polandi haikuwepo kwenye ramani. Tangu mwaka 1795 ilikuwa imegawanywa baina ya wakubwa watatu: Urusi, Austria na Prussia, ambayo baadaye ikawa sehemu ya Ujerumani. Watu walikuwa na lugha yao, nyimbo zao na makaburi ya babu zao, lakini hawakuwa na serikali yao. Familia ya Kolbe iliishi upande wa Urusi.

Baba yake, Juliusz, na mama yake, Marianna, walikuwa wafumaji wa nguo, tena maskini. Fedha za shule zilimtosha mtoto mmoja tu, yule wa kwanza. Rajmund, wa pili, alibaki nyumbani akisaidia kazi. Siku moja alitumwa dukani kununua dawa, akaitaja kwa jina lake la Kilatini. Mwenye duka alishangaa, akamuuliza amejifunza wapi, naye akaeleza kwamba nyumbani fedha za shule hazitoshi. Yule mtu akajitolea kumfundisha bure. Wapendwa, tumeandika habari hii mapema kwa sababu tuna watoto wengi hapa wanaongoja mtu kama yule wa duka la dawa.

Mama yake alisimulia jambo jingine. Alipokuwa mtoto mtundu, mama alimkemea na kumuuliza atakuwa mtu wa namna gani. Mtoto akaenda kuomba. Baadaye akamwambia mama yake, huku akilia, kwamba alimwona Bikira Maria akiwa na taji mbili, moja nyeupe ya usafi wa moyo na moja nyekundu ya kufa kwa ajili ya imani, na kwamba yeye alizitaka zote mbili.

Mwaka 1907, yeye na kaka yake walivuka mpaka kutoka upande wa Urusi kwenda upande wa Austria, wakaingia seminari ndogo ya Wafransisko katika mji wa Lwów. Mwaka 1910 alivaa kanzu ya kitawa akapewa jina la Maksymilian, au Maximilian. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, baba yao alijiunga na vikosi vya Wapolandi waliotaka uhuru. Hakurudi tena nyumbani. Maximilian alikuwa Roma, masomoni, mbali na mama yake.

WATU SABA NA SHABAHA KUBWA

Huko Roma alisoma falsafa na teolojia mpaka akapata shahada za udaktari katika zote mbili. Mwaka 1917 aliona mjini maandamano ya watu walioutukana Upapa na Kanisa hadharani. Vijana wengine wangerudisha matusi kwa matusi. Yeye aliwakusanya wenzake sita, wakawa saba pamoja naye, na tarehe 16 Oktoba 1917 wakaanzisha umoja walioutaja kuwa Jeshi la Imakulata. Imakulata ni jina ambalo Wakatoliki humwita Bikira Maria, kwa maana ya aliyekingiwa doa la dhambi.

Tuseme wazi kwamba juu ya mafundisho haya sisi Waprotestanti tuna tofauti nao, wala hatuzifichi. Lakini shabaha ya Kolbe ilikuwa kwamba watu wamrudie Kristo, hata wale waliomchukia.

Tarehe 28 Aprili 1918 alipata upadirisho. Mwaka 1919 alirudi Polandi, ambayo sasa ilikuwa nchi huru, akawekwa kufundisha historia ya Kanisa katika mji wa Kraków. Hakuweza kufundisha kwa muda mrefu. Kifua kikuu kilikuwa kimemshika tangu Roma, na sauti yake haikusikika vizuri darasani. Alilazwa huko Zakopane milimani, mahali walipotibiwa wagonjwa wa kifua. Hapo ndipo wazo lake lilipokomaa. Kama sauti ya kifua chake haitoshi kuwafikia watu, karatasi itawafikia.

MASHINE ILIYOITWA BIBI

Wakuu wake walimruhusu kutoa jarida kwa sharti moja: fedha azitafute mwenyewe. Padre mwenye shahada mbili za udaktari akatoka mitaani kuombaomba. Wasifu wake husimulia kwamba mara ya kwanza aliingia dukani akaona aibu, akatoka bila kusema neno. Baadaye akajikaza.

Januari 1922 likatoka toleo la kwanza, nakala 5,000, kwa jina la Rycerz Niepokalanej, yaani Askari wa Imakulata. Lilikuwa karatasi duni bila jalada zuri. Lugha yake ilikuwa rahisi, ili mkulima na mfanyakazi wa kiwandani waielewe. Asiyeweza kulipa alitumiwa hivyohivyo.

Katika mwaka huohuo alihamishiwa Grodno. Gharama za wenye viwanda vya chapa zilikuwa zinapanda kila mwezi, akaona ni lazima awe na mashine yake. Padre mmoja aliyetoka Marekani alimpa dola 100, na kwa msaada huo akanunua mashine kuukuu iliyozungushwa kwa mkono. Mabruda waliiita Bibi. Waliizungusha kwa zamu, na Padre Kolbe mwenye mapafu mabovu alishika zamu yake kama wengine. Vijana waliojiunga naye walikuwa wengi wao watoto wa wakulima. Walijifunza kupanga herufi, kutengeneza mashine, kushona vitabu na kuandika bahasha. Waliamka kwa sala, wakala chakula cha kawaida, wakavaa viatu vilivyotiwa viraka.

MJI WA WACHAPAJI

Jarida lilikua mpaka nyumba ya Grodno haikutosha tena. Mwaka 1927 mwana wa kifalme mmoja, Jan Drucki-Lubecki, alikuwa na ardhi huko Teresin, magharibi mwa Warsaw. Kolbe aliomba sehemu yake. Mwanzoni mwenye ardhi aliweka masharti ambayo wakuu wa shirika hawakuyakubali. Kolbe alikubali uamuzi wa wakuu wake bila kunung'unika, na mwishowe mwenye ardhi akaitoa bure.

Mabruda walijenga kwa mbao, wao wenyewe, katika baridi. Mahali hapo paliitwa Niepokalanów, yaani mji wa Imakulata. Wale wa kwanza walikula juu ya masanduku na kulala katika vibanda vilivyopitisha upepo. Wapendwa mliofika hapa wakati makazi haya yalikuwa msitu na maturubai, mnaelewa.

Kufikia mwaka 1939 watawa wa mahali pale walizidi 700, wengi wao mabruda. Kulikuwa na mitambo mikubwa ya kupiga chapa, karakana, kikosi cha kuzima moto, na tangu mwaka 1938 kituo kidogo cha redio. Watu waliwalaumu kwamba watawa wa Mtakatifu Fransisko hawapaswi kuwa na mashine za kisasa namna ile. Kolbe alijibu kwa mpango wa nyumba yenyewe: mashine iwe bora kuliko zote, na mtawa anayeiendesha awe maskini. Desemba 1938 jarida la Askari wa Imakulata lilikaribia nakala milioni moja. Gazeti la kila siku, Mały Dziennik, maana yake Gazeti Dogo, lililoanza mwaka 1935, lilikuwa na nakala zaidi ya 100,000.

KATIKA NCHI YA LUGHA NGENI

Wakati kazi ya Polandi ilipokuwa inastawi, yeye aliiacha mikononi mwa mdogo wake, Padre Alfons, akaenda mbali. Tarehe 24 Aprili 1930 alifika Nagasaki, Japani, pamoja na mabruda wachache. Hakujua Kijapani wala hakuwa na fedha za maana. Askofu wa pale alihitaji mwalimu wa falsafa katika seminari, naye akakubali kufundisha ili apate ruhusa ya kuchapa. Mwezi uliofuata toleo la kwanza la jarida la Kijapani lilitoka, nakala 10,000. Yeye aliandika kwa lugha alizozijua, na wenyeji wakatafsiri. Mabruda wa Polandi walijifunza kupanga herufi za Kijapani, ambazo ni maelfu, kabla hawajaweza kuzisoma.

Desemba 1930 mdogo wake Alfons alifariki Polandi. Kolbe alikuwa ng'ambo ya dunia, asiweze kumzika. Ni wangapi kati yetu waliopokea habari ya namna hiyo kwa simu au kwa barua, wakakaa matanga bila maiti?

Nyumba yao ya Nagasaki aliijenga mahali ambapo watu walimwona hana akili, kwenye mteremko wa mlima Hikosan, upande uliotazama mbali na mji. Tarehe 9 Agosti 1945, miaka minne baada ya kifo chake, bomu la atomiki liliangushwa Nagasaki. Mlima uliikinga nyumba ile, haikuharibika sana, nayo ikawapokea yatima wa mji.

DOA KWENYE KARATASI

Sasa ndugu zetu, tumefika mahali pagumu, na hatutaki kupita haraka.

Katika miaka ile chuki juu ya Wayahudi ilikuwa imeenea Ulaya, hata miongoni mwa Wakristo waliokwenda kanisani kila Jumapili. Gazeti la Mały Dziennik lilichapa makala zilizowasema Wayahudi vibaya, zikiwaona kama hatari kwa taifa. Kolbe mwenyewe, katika baadhi ya maandishi yake, aliwahi kukubali maneno ya uongo yaliyodai kwamba kuna Wayahudi wanaopanga njama ya kutawala dunia. Ni kweli kwamba mwaka 1935 alimwandikia mhariri kutoka Japani, akimwonya asije akachochea chuki ya wasomaji juu ya Wayahudi. Hata hivyo makala za namna hiyo ziliendelea kutoka katika gazeti la nyumba yake, na nakala zake zilikuwa maelfu kwa maelfu.

Sisi tuliotoka katika nchi za Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa maneno ya gazeti na redio yanaweza kufanya nini. Tuliyasikia kwanza kama mzaha. Baadaye tukayasikia kama amri. Wako kati yetu waliokimbia kwa sababu ya sentensi iliyosomwa hewani asubuhi.

Tena hatuna haki ya kumnyoshea kidole mtu wa kale tukajisahau. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya ugomvi wa zamu kwenye bomba la maji, sisi wenyewe tuliandika katika kijarida hiki mistari miwili kuhusu watu wa kabila fulani walioko humu humu makazini. Tuliona tunasema ukweli. Jumatatu mama mmoja mzee wa kabila hilo, anayekaa benchi la mbele kila ibada, alikuja ofisini. Aliiweka ile karatasi mezani ikiwa imekunjwa vizuri, akatuamkia kwa heshima, akaondoka. Hakusema lolote zaidi. Tulimfuata nyumbani kwake kuomba radhi, na toleo lililofuata tukaomba radhi mbele ya wote. Alitusamehe. Lakini nakala zilizokwisha kugawanywa hatukuweza kuzikusanya zote.

Ndiyo maana tunaona ni vema kusoma maisha ya Kolbe yote, pamoja na doa lake. Mtu wa Mungu anaweza kubeba kosa la wakati wake bila kuliona vizuri. Yaliyofuata yanaonyesha alifanya nini Wayahudi walipofika mlangoni kwake.

WAKIMBIZI MLANGONI

Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani ilivamia Polandi. Mabruda wengi walitawanywa warudi kwao. Tarehe 19 Septemba Wajerumani walimkamata Kolbe na wachache waliobaki naye, wakawapeleka kambini. Waliachiliwa tarehe 8 Desemba. Aliporudi, kazi ya chapa ilikuwa imepigwa marufuku. Mtu aliyetoa karibu nakala milioni moja kwa mwezi hakuruhusiwa kutoa hata moja.

Basi akafungua milango. Wajerumani walikuwa wanawafukuza watu kutoka eneo la Poznań, wakiwemo Wapolandi Wakristo na Wayahudi. Watu wapatao 3,000 walipata hifadhi Niepokalanów, na kati yao Wayahudi walikuwa wengi sana. Mabruda walipunguza chakula chao wenyewe na kukaa kwa kubanana ili familia zipate mahali pa kulala. Hatukusoma kwamba mtu alibaguliwa kwa dini yake alipopewa mkate.

Hapa tuingize neno moja ambalo wasomaji wengi hawalijui. Katika vita hivyohivyo Wapolandi wengine walichukuliwa na serikali ya Kisovieti wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati. Waliookoka walipitia Irani, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao, wengi wakiwa akina mama na watoto, waliletwa Afrika Mashariki. Walikaa Tengeru karibu na Arusha, na pia Masindi na Koja nchini Uganda. Tengeru peke yake walikuwa kama 5,000. Makaburi yao yako huko hata leo. Watu wa taifa la Kolbe walikuwa wakimbizi katika nchi hizihizi zilizotupokea sisi.

Turudi kwake. Kwa kuwa jina la Kolbe lina asili ya Kijerumani, alipewa nafasi ya kujiandikisha kama mtu wa ukoo wa Kijerumani. Angepata haki nyingi na usalama. Alikataa. Mwishoni mwa mwaka 1940 alipata ruhusa ya kuchapa toleo moja tu la jarida lake, ligawanywe katika eneo la Warsaw. Alitumia nafasi hiyo moja kuandika kwamba hakuna mwenye uwezo wa kuubadilisha ukweli, na kwamba kazi yetu ni kuutafuta na kuutumikia. Tarehe 17 Februari 1941 polisi wa siri wa Kijerumani walikuja kumchukua. Alifungwa kwanza katika gereza la Pawiak mjini Warsaw, ambako askari alimpiga kwa sababu alivaa kanzu ya kitawa na rozari.

NAMBA 16670

Tarehe 28 Mei 1941 alipelekwa Auschwitz. Kabla vita haijaisha, watu zaidi ya milioni moja waliuawa katika kambi hiyo, na wengi wao kabisa walikuwa Wayahudi. Alinyang'anywa kanzu, akapewa nguo zenye mistari na namba 16670. Mapadre waliwekwa kwenye kazi za kubeba mizigo mizito. Siku moja alipigwa mpaka akaachwa kama maiti, na wenzake wakambeba.

Hakuwa tena na mashine wala karatasi. Waliokuwa pamoja naye walishuhudia kwamba aligawa chakula chake, alisikiliza maungamo usiku kwa siri, na aliwasihi wasiruhusu chuki iwashinde. Mwezi wa Juni alimwandikia mama yake barua fupi, ile iliyoruhusiwa, akimwomba asihangaike kwa ajili yake kwa kuwa Mungu yuko kila mahali.

Mwishoni mwa Julai mfungwa mmoja wa jengo lao alitoroka. Desturi ya kambi ilikuwa kwamba kwa ajili ya mmoja aliyetoroka, kumi watauawa kwa njaa. Wafungwa walisimamishwa juani siku nzima. Jioni ofisa Karl Fritzsch, msaidizi wa mkuu wa kambi, alipita kati ya mistari akichagua. Mmoja wa waliochaguliwa, Franciszek Gajowniczek, aliyekuwa sajini wa jeshi la Polandi, alilia kwa ajili ya mke wake na watoto wake.

Ndipo Kolbe akatoka kwenye mstari. Kutoka kwenye mstari bila amri kulitosha mtu kupigwa risasi. Alisimama mbele ya yule ofisa akaomba achukue nafasi ya mtu mwenye familia. Ofisa aliuliza ni nani. Alijibu kwamba yeye ni padre Mkatoliki. Ofisa akakubali. Namba moja ikafutwa kwenye orodha, nyingine ikaandikwa.

Wale kumi walifungiwa katika chumba cha chini ya jengo, bila chakula wala maji. Mfungwa aliyefanya kazi huko kama mkalimani alieleza baadaye kwamba sauti za sala na nyimbo zilisikika kutoka ndani, na wafungwa wa vyumba vya jirani wakaitikia. Siku zilivyopita sauti zilipungua. Baada ya wiki mbili watu wanne walikuwa bado wanapumua, Kolbe mmoja wao, akiwa na fahamu zake. Chumba kilihitajika. Tarehe 14 Agosti 1941 aliingia mtu mwenye sindano ya sumu. Kolbe alinyosha mkono wake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 47.

YULE ALIYEBAKI

Wengi humaliza hadithi hapo. Sisi tunaona hapo ndipo inapowahusu wengi wenu.

Gajowniczek aliishi. Alibaki Auschwitz, kisha akahamishiwa kambi nyingine, na vita ilipoisha mwaka 1945 akawa huru. Alimkuta mke wake hai. Lakini wanawe wawili walikuwa wameuawa katika mashambulizi ya mabomu mapema mwaka huohuo. Padre alikufa ili watoto wasikose baba, na baba aliporudi watoto hawakuwepo.

Tulipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza tulikaa kimya muda mrefu. Mtu anaweza kuuliza kama sadaka ile ilipotea bure. Katika makazi haya kuna watu waliookoka kwa sababu mwingine alibaki nyuma, pengine kaka aliyesimama mlangoni au jirani aliyekubali kuulizwa maswali wakati wao wanakimbia. Wengine wanatuambia faraghani kwamba hawajui kwa nini wao ndio walio hai, na kwamba wanaona aibu kucheka.

Gajowniczek naye alibeba mzigo huo. Alisimulia habari za Kolbe kila alipoalikwa, mwaka baada ya mwaka. Alikuwepo Roma tarehe 17 Oktoba 1971 Papa Paulo VI alipomtangaza Kolbe mwenye heri, na tarehe 10 Oktoba 1982 Papa Yohane Paulo II, Mpolandi mwenzao, alipomtangaza mtakatifu na mfiadini. Alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 93. Alipewa zaidi ya miaka hamsini na mtu ambaye hakudai chochote. Kolbe hakuweka sharti kwamba mambo yaishe vizuri. Bwana Yesu naye, katika Yohana 15:13, alipofundisha juu ya mtu kutoa uhai kwa ajili ya rafiki zake, hakutaja kipimo cha matokeo. Ndugu uliyeokolewa na mwingine, huna deni la kujieleza. Una maisha uliyopewa, na jina la mtu la kutaja.

TUNALOJIFUNZA

Kolbe alichapa mamilioni ya kurasa juu ya upendo, na nyumba yake ilichapa pia kurasa ambazo zingeweza kuua upendo huo. Mwishoni alinyang'anywa zote, nzuri na mbaya, akabaki na mwili wake peke yake kuwa ukurasa. Uliandikwa neno moja, na hilo halikuwa na doa.

Kijarida chetu kina nakala chache kuliko toleo lake la kwanza. Hata hivyo kinasomwa na watu wa makabila yaliyopigana. Tangu siku ile ya yule mama mzee tuna kanuni moja: kila sentensi inayotaja kundi la watu husomwa kwanza na mtu wa kundi hilo kabla ya kwenda kwenye fotokopi. Tunawaomba vijana wenye mwandiko mzuri, na wazee wenye habari za imani, walete maandishi yao kanisani kila Ijumaa. Na wewe unayetuma ujumbe kwa simu juu ya jirani yako, fahamu kwamba nawe ni mchapaji.

Tuombe. Ee Bwana, uitakase mikono yetu kabla haijashika kalamu. Utusamehe maneno tuliyoyatoa na ambayo hatuwezi kuyakusanya tena. Uwafariji walio hai kwa sababu ya mwingine. Na siku orodha itakaposomwa tena mbele yetu, utupe moyo wa kutoka kwenye mstari. Amina.